Panadol Iache Kabatini: Kumuuguza Paka Aliyefungwa Kizazi

Paka jike aliyefungwa kizazi asubuhi mara nyingi hurudi nyumbani jioni ya siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo amekwisha kufungua tumbo, kutoa ovari, pengine na mfuko wa uzazi, na kushona. Kazi ya mwenye paka sasa ni kumlinda na kumwangalia. Kumtibu si kazi yake. Hapo ndipo huruma inapoponza wengi.

Huruma humfanya mtu akimbilie dawa zake mwenyewe. Ya kwanza huwa Panadol, yaani parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, kwa hiyo dawa hugeuka sumu. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi huwa za kahawia au buluu, na uso huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki nazo usiziguse. Dettol, hata iliyochanganywa na maji, usiipake kwenye mshono: paka atairamba, nayo ni sumu kwake. Dawa ya maumivu iulizie kwa daktari kabla hujaondoka kliniki.

Usiku wa kwanza nusukaputi huwa bado haijaisha. Paka huyumba, na mwili wake hupoteza joto upesi. Mlaze sakafuni, ndani ya boksi lenye kanga safi, katika chumba kisicho na baridi wala vitu vya kurukia. Usimnyweshe chochote kwa nguvu, asije akapaliwa. Akichangamka, mpe chakula chake kidogo, lakini si mchuzi wa jikoni: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Mshono uangalie asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo si ajabu, mradi kingo za jeraha zimekutana. Damu inayoendelea kudondoka, usaha, harufu mbaya au mshono ulioachia ni mambo ya kumrudisha kliniki mara moja. Ulimi wa paka una vijimiba vigumu vinavyoweza kukwangua jeraha na kulegeza nyuzi, ndiyo maana huvalishwa kola pana shingoni. Akiichukia, usimwonee huruma ukaivua. Mchanga wa kujisaidia nao ubadilishe kwa vipande vya gazeti, usije ukanata kwenye kidonda.

Paka hafichui maumivu kwa kelele. Hujikunyata mgongo ukiwa juu, hufumba macho nusu, huacha kujisafisha manyoya, hujificha uvunguni. Akipitisha saa 24 bila kula, mpigie daktari. Paka anayekaa na njaa siku kadhaa, hasa mnene, hujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo unaweza kumuua wakati kidonda chenyewe kinapona vizuri.

Kufikia siku ya tatu wengi huanza kurukaruka na kulilia mlango. Usidanganyike. Ngozi huonekana imefunga, lakini msuli wa tumbo ulioshonwa ndani bado haujashikana sawasawa, na mruko mmoja wa ukutani unaweza kuufumua. Mweke ndani, bila kumwogesha, kwa siku 10 hadi 14, au mpaka daktari aukague mshono na kumruhusu.