Ekografi ya kwanza si ya kujua kama ni mvulana au msichana

Katika makanisa yetu mama wengi wanaenda kwenye ekografi mwezi wa saba, na swali la kwanza ni lilelile: ni mvulana au msichana? Hatuwalaumu, hata wachungaji wanauliza. Lakini ekografi ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayoweza kuokoa maisha ya mama mwenyewe, na wengi wanaikosa.

Kipimo cha mkojo kinasema tu kwamba mimba iko. Hakisemi iko wapi. Mashine ya ekografi inatuma sauti ambayo sikio haliwezi kusikia. Sauti hiyo inarudi kutoka ndani ya mwili na mashine inaichora kuwa picha. Haitumii miali kama ile ya kupiga radio ya mifupa, basi hofu ya kwamba inachoma mtoto haina msingi.

Ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kifuko cha mimba kinaanza kuonekana kwenye majuma 5 hivi, na moyo unaonekana ukipiga katika juma la 6 au la 7. Mama akiambiwa mapema mno kwamba moyo hauonekani, na hana maumivu wala damu nyingi, asikimbilie kusafishwa tumbo. Aombe kupimwa tena baada ya siku 7 hadi 14. Mara nyingine ni hesabu ya siku tu iliyokosewa.

Jambo linalotusumbua zaidi ni mimba iliyokaa nje ya tumbo la uzazi. Ni kama 1 au 2 kati ya mimba 100, na karibu zote hukaa ndani ya mrija mwembamba unaopitisha yai. Mrija huo ukipasuka, damu inamwagika ndani ya tumbo, na nje inaweza kuonekana kidogo tu. Mama mwenye mimba changa akisikia maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu kwenye bega, aende hospitali saa ileile. Asingojee mume arudi safari, wala maombi ya usiku yaishe. Tumwombee akiwa njiani.

Wengine wanatuuliza: kuiondoa mimba hiyo si kuua? Tunajibu wazi kwamba hapana. Ndani ya mrija mtoto hawezi kukua mpaka kuzaliwa. Kungojea ni kumpoteza na mama pia. Familia isimzuie munganga kwa sababu hiyo.

Karatasi ya ekografi ya kwanza isitupwe. Kabla ya majuma 14 kipimo kinakosea tarehe kwa siku chache tu; mwezi wa nane kinaweza kukosea kwa majuma 3. Mama aichukue kila anapokwenda kupimwa, na siku ya kuzaa pia.