Kocha wa Kujitolea wa Timu ya Wasichana: Kazi Yake, Mipaka Yake na Wajibu wa Wazazi

Katika maeneo mengi ya Uwanda wa Makonde, timu ya soka ya wasichana huanza kwa mpira mmoja na mtu mmoja aliyekubali kuwafundisha bila malipo. Mtu huyo aweza kuwa mwalimu wa shule, mchezaji wa zamani, mzazi, au kijana aliyemaliza kidato cha nne. Hana mkataba wa ajira wala mshahara, lakini wazazi humkabidhi watoto wao mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa hiyo inafaa wakazi wa Mkunya wafahamu kazi yake ni ipi, mipaka yake ni ipi, na wao wenyewe wachangie nini ili timu isife baada ya msimu mmoja.

Njia iliyopo mbele ya msichana

Mwezi Oktoba 2022, timu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza fainali za Kombe la Dunia nchini India. Ilifungwa na Japani mabao 4 kwa 0, ikaishinda Ufaransa 2 kwa 1, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, kisha ikatolewa na Kolombia katika robo fainali. Mchezaji wa timu ya taifa haanzi kujifunza mpira kambini. Hufika huko akiwa ameupata kwenye viwanja vya shule na vya mitaani. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari ndiyo ngazi za kwanza za kuonekana.

Wengi hawatafika huko, na hilo si hasara. Msichana mwenye timu hupata afya, marafiki, nidhamu ya muda, na mtu mzima mwingine anayegundua mapema iwapo ameacha kuja mazoezini au shuleni.

Kazi uwanjani

Zoezi la saa moja na nusu linatosha. Dakika 20 za mwanzo ni za kupasha mwili moto, na hazipaswi kurukwa. Wasichana wanapobalehe huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wavulana ya kuumia kano za goti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha vilabu 125 vya wasichana wa miaka 13 hadi 17 nchini Norwei, ulionyesha kuwa programu ya mazoezi ya kupasha mwili moto, yenye kukimbia, kuimarisha misuli na kujifunza kutua na magoti yaliyokunjwa kidogo, hupunguza majeraha. Programu hiyo haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na alama za kupanga uwanja; makopo matupu yanaweza kutumika badala ya koni.

Watoto wa miaka 8 hadi 12 wanafaa kutumia mpira namba 4. Kuanzia miaka 13 namba 5. Kwa kuwa maji hayapatikani kwa urahisi juu ya uwanda huu, kila mchezaji aje na chupa yake, na kocha aweke vipindi vya kunywa. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika au kupoteza fahamu asirudi uwanjani siku hiyo. Apelekwe kituo cha afya. Msichana aliye katika hedhi asilazimishwe kucheza wala asizuiwe; yeye mwenyewe ndiye aseme anajisikiaje.

Ratiba inayokubalika nyumbani

Timu nyingi huvunjika kwa sababu ya ratiba kuliko kwa kukosa vipaji. Mazoezi yakianza saa 10 jioni, yamalizike mapema ili mchezaji anayeishi mbali afike nyumbani kabla ya giza, hasa mwezi Juni jua linapozama mapema zaidi. Katika msimu wa korosho, na katika likizo zenye shughuli za unyago, kocha akae na wazazi na kupunguza siku za mazoezi badala ya kuwafukuza wasiohudhuria. Wazazi nao wagawe kazi za nyumbani kwa haki, ili msichana asiwe peke yake anayeacha mazoezi kwa sababu ya ndoo ya maji.

Usalama wa mtoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Kocha mwema hulindwa na kanuni zilizo wazi kama mtoto anavyolindwa. Watu wazima wasiwe chini ya wawili katika kila zoezi, na mmoja wao awe mwanamke. Kocha asikutane na mchezaji faraghani, asimpe zawadi ya siri, wala asimtumie ujumbe wa simu bila mzazi kujua. Safari ya mechi iwe na ridhaa ya maandishi ya mzazi na mlezi wa kike.

Mwenye shaka apige namba 116, ambayo ni ya bure kwa masuala ya watoto, au aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Jambo la aina hii halimalizwi kwa kikao cha ukoo wala kwa fidia.

Mafunzo, usajili na fedha

Kocha anayetaka kujiendeleza aulize chama cha soka cha wilaya kuhusu kozi za awali. Leseni za Shirikisho la Soka Afrika huanzia daraja D na kupanda hadi Pro. Klabu inayotaka kutambuliwa kisheria husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Afisa Michezo wa halmashauri hueleza utaratibu na nyaraka zinazohitajika, ikiwemo katiba ya klabu.

Kujitolea hakumaanishi kocha agharimie timu. Wazazi wachague kamati ndogo yenye mweka hazina, na michango ya mipira, jezi na dawa za huduma ya kwanza iandikwe na kusomwa mbele ya wote. Anayetaka kufundisha, au kuanzisha timu, aanzie ofisi ya Mtendaji wa Kata ili atambulishwe kwa Afisa Michezo na walimu wakuu. Wazazi nao wana haki ya kuuliza hapo iwapo mtu anayefundisha watoto wao anafahamika.