Penye Kokoto Pana Duka

Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni, wapo watu wanaoishi kwa kuponda mawe, na wengi wao ni wanawake. Wanakaa chini ya turubai au khanga iliyotandazwa juu ya miti, nyundo mkononi, na kokoto zinapimwa ndoo kwa ndoo mpaka lundo litoshe kujaza lori. Jirani yao, Wazo, kipo kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966 kwa mawe ya chokaa ya kilima kile. Ukipanda kuelekea Bunju na Mabwepande unapishana na malori ya mchanga. Jiji la Dar es Salaam, lililohesabiwa watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, linajengwa na mikono hii, na maeneo haya ni machimbo kwa maana ile ile ya Mererani au Geita, hata kama hakuna anayeyaita hivyo.

Machimbo yote duniani yana mtu wa pili, ambaye hachimbi wala hapondi. Ni mwenye duka. Mara nyingi katoka mbali, na anakuja mapema, kabla ya maji ya bomba na kabla ya lami. Nimefuatilia biashara hii kwa muda, na ninaamini tunaitazama vibaya tunapoipima kwa leseni na ushuru tu. Kinachouzwa pale kwa wingi kuliko unga na sukari ni muda. Mponda kokoto analipwa lori likija. Likikawia, watoto wanakula hivyo hivyo kila jioni. Nafasi iliyopo kati ya nyundo na malipo huzibwa na duka.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuona. Fremu moja ya kupanga, nondo mbele, kidirisha cha kupitishia mkono. Ndani mna mafuta ya kula ya kupima, unga, mchele, sabuni ya kipande, na sukari iliyofungwa robo robo kwenye vifuko. Chini ya kaunta kuna daftari la mistari, na humo wateja wanaandikwa kwa majina ya mtaani: Mama fulani, Fundi Bomba, Mrefu wa Kona. Jioni mteja anasogea. "Mangi, niandikie robo ya sukari na nusu ya unga, lori linakuja Ijumaa." Mwenye duka anafungua ukurasa, anatazama. "Mama, la juzi bado." Kisha, mara nyingi, anaandika.

Hesabu ya hapo ni kali. Tuseme kilo ya sukari imemgharimu shilingi 2,800 na anaiuza 3,000. Faida yake ni 200. Mteja mmoja akihama mtaa bila kulipa kilo moja, itabidi ziuzwe kilo 14 nyingine ili kurudisha mtaji huo tu. Ndiyo maana mwenye duka mzuri anajua mambo ambayo afisa mikopo wa benki hayajui: nani amepata tenda ya kupakia, nani ameanza kunywa, lori la nani limekamatwa, mtoto wa nani amelazwa. Bei ya rejareja imebeba ndani yake gharama ya kujua hayo yote, pamoja na ya wale watakaotoroka. Anayelalamika kwamba duka la mtaani ni ghali kuliko Kariakoo asahau kidogo nauli, akumbuke kwamba Kariakoo hakopeshwi.

Kwa nini basi mgeni? Ukizunguka Tegeta, Boko, au upande wa pili Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, utakuta wenye maduka wengi wametoka Kilimanjaro, wengine Makete kwa Wakinga, wengine Singida. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa tabia za makabila. Mimi naona maelezo hayo ni ya uvivu, na yanawaumiza watu. Kilimanjaro ardhi ya kihamba iligawanywa kizazi hadi kizazi mpaka ikaisha, vijana wakalazimika kuondoka. Walikokwenda walikuta ndugu ametangulia. Kijana anaanza kwa kulala dukani kwa mjomba, anauza miaka kadhaa, halafu mjomba anamdhamini kwa muuzaji wa jumla apewe mzigo kwa mali kauli. Huo ndio mtaji wake: neno la mtu anayeaminika. Na upande wa wateja ugeni unamsaidia kwa njia nyingine. Mzawa wa Kunduchi akifungua duka, shangazi, shemeji na jirani aliyemlea wote wana haki ya kumkopa, na hana uso wa kuwadai. Wa kutoka mbali anaweza kusema "leo hapana" na ujirani ukaendelea.

Mtindo huu ni wa zamani. Sewa Haji Paroo alipata utajiri Bagamoyo kwa kuwauzia na kuwaandalia mahitaji wasafiri wa misafara ya bara, na hospitali aliyoifadhili Dar es Salaam ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Allidina Visram, aliyefika Zanzibar akiwa kijana kutoka Kutch, alianzia kwa Sewa Haji, kisha akatawanya maduka yake kufuata njia za misafara na baadaye reli ya Uganda. Dhahabu ya Lupa ilipovuta wachimbaji miaka ya 1930, wauza duka wa Kihindi walikuwepo Chunya.

Nje ya hapa, nafasi hiyo hiyo ilishikwa na Wayahudi waliohama Ulaya. Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria, alifika San Francisco mwaka 1853 wakati watu walipokimbilia dhahabu. Yeye aliuza vitambaa na nguo, na mwaka 1873 yeye na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza ya suruali zilizoimarishwa kwa ribiti. Karibu zaidi nasi, ndugu Elie na Harry Susman kutoka Lithuania walivuka Zambezi mwaka 1901, wakafanya biashara ya ng'ombe, na nyama ikaenda kulisha miji ya migodi ya shaba. Ni ile ile njia ya kijana wa Moshi: ndugu mbele, mali kauli, kisha duka.

Serikali zetu zimewahi kujaribu kuishi bila mtu huyu. Mwaka 1976, chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, Operesheni Maduka ilifunga maduka binafsi vijijini ili maduka ya ushirika yachukue nafasi. Bidhaa zikaadimika, na operesheni ikalegezwa. Duka la ushirika liliweza kupewa sukari, lakini daftari la mwenye duka halikuweza kuhamishwa kwa barua ya ofisini. Julai 2025 likaja agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, uchimbaji mdogo na uwakala wa fedha kwa simu zikiwemo. Naelewa kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo kilichotangulia agizo hilo. Ila kumlinda raia kwenye kaunta hakumpi mtaji wa kuijaza.

Hapo ndipo mwenye duka wa Mtongani ameachwa peke yake. Anakopesha mtaa mzima kwa fedha zake na za ndugu zake. Desemba anakusanya madeni kwa nguvu, kwa sababu anataka kwenda Moshi kula sikukuu na kwa sababu wa jumla naye anafunga hesabu. Mtaa wenye maduka mengi ya namna hiyo hujua wiki ile ilivyo: milango imefungwa na kilo ya unga inatafutwa mbali. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika vikundi. Inamfaa mponda kokoto, na ni haki yake. Mwenye duka mtu mzima, anayefanya kazi peke yake, hayumo kwenye fungu hilo.

Benki inamtaka hati ya nyumba, naye amepanga fremu. Lakini tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, na hasa tangu wateja waanze kulipa kwa lipa namba, mauzo yake ya kila siku yanaandikwa kwenye simu. Mkopeshaji atakayekubali kusoma miezi 12 ya miamala hiyo, na kumuuliza wa jumla kama jamaa analipa mzigo kwa wakati, atapata picha iliyo bora kuliko hati nyingi. Riba nafuu kwa mwenye duka ingeshuka hadi kwenye robo ya sukari inayoandikwa Jumanne, kwa mama ambaye lori lake limesema litakuja Ijumaa.