Jacaranda zachanua: mwenye pumu au kisukari naye atoke

Oktoba inapoingia, barabara kadhaa za Nairobi hubadilika rangi. Miti ya jacaranda, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, humwaga maua ya zambarau juu ya magari, mabenchi na vichwa vya wapita njia. Baridi ya Julai iliyowalazimu watu kushinda na makoti huwa imekwisha, nayo mvua ya vuli huwa haijashika kasi. Huko Ulaya wakati huu majani hugeuka manjano na watu huanza kujifungia ndani. Kwetu mambo ni kinyume. Huu ndio msimu wa kutoka.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi kuna mmoja anayeachwa. Familia inapopanga kwenda kupanda milima ya Ngong, mtoto mwenye pumu huambiwa abaki na yaya asije akabanwa na kifua huko juu. Nyanya mwenye kisukari huambiwa apumzike. Huachwa kwa mapenzi, si kwa ubaya, lakini kuachwa ni kuachwa. Na cha kushangaza ni kwamba huyo nyanya aliambiwa kliniki kwamba afanye mazoezi! Tatizo ni kuwa daktari mwenye foleni ya wagonjwa hamsini husema neno hilo moja kisha humwita mwingine. Afanye wapi, vipi, na abebe nini, hakuna anayemweleza.

Tuanze na mfano wa hapa hapa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kukulia Karen. Aliyemfunza kuendesha baiskeli za mashindano ni David Kinjah, yule Mkenya mwenye nywele za rasta, ambaye makao yake yalikuwa kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu. Mwaka wa 2006 wote wawili waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye Froome alianza kushindania Uingereza na akashinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Wengi wanayajua hayo. Wasilojua ni kwamba mtu huyo ana pumu, na kwamba mwaka wa 2010 aligunduliwa kuwa na kichocho, ugonjwa ule ule unaowasumbua watoto wa Mwea na wa kando ya Ziwa Victoria. Minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa na kujilisha kwa damu, na mgonjwa hubaki mchovu bila kujua sababu. Alitibiwa zaidi ya mara moja kwa praziquantel, dawa ile ile inayogawiwa katika shule zetu za msingi.

Pumu nayo ilimletea kesi. Katika mashindano ya Hispania mwaka wa 2017, mkojo wake ulikutwa na kiasi cha salbutamol maradufu ya kile kinachoruhusiwa. Salbutamol ndiyo dawa iliyomo katika inhela ya buluu ambayo mtoto wako huibeba shuleni. Uchunguzi ulichukua miezi kadhaa, na mnamo Julai 2018 akaondolewa lawama. Sisemi kila mwenye pumu atapanda Alps kwa baiskeli. Nasema tu kwamba kifua chenye pumu si lazima kifungiwe sebuleni.

Jambo la kuangalia ni hewa. Hewa baridi na kavu ikivutwa kwa kasi hukaza njia za pumzi, na ndiyo maana mtoto anayecheza vizuri saa nane mchana huweza kukohoa saa kumi na mbili asubuhi. Basi toka jua likiwa limepanda kidogo. Anza polepole kwa dakika kumi hivi kabla ya kuongeza mwendo, na kama daktari ameagiza, mgonjwa avute dawa yake robo saa kabla ya kuanza. Leso shingoni inayoweza kupandishwa hadi puani husaidia sana. Moshi nao ni adui. Kuendesha baiskeli nyuma ya matatu kuukuu kwenye Waiyaki Way si mazoezi ya mwenye pumu, wala ya mtu yeyote. Afadhali njia za udongo chini ya miti kandokando ya barabara za Karen. Na inhela ikae mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe, si ndani ya gari lililoegeshwa langoni.

Kisukari kinahitaji hesabu zaidi. Misuli inayofanya kazi hula sukari ya damu, na hiyo ndiyo faida ya kutembea. Lakini kwa anayedunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Kabla ya kutoka, pima. Kwa anayetumia dawa hizo, mashine ikionyesha chini ya 5, ale kwanza: ndizi moja, au kipande cha kiazi kitamu. Ikizidi 14, hasa kwa mwenye kisukari cha utotoni au anayejisikia vibaya, safari ingoje na daktari aulizwe. Anayeendesha baiskeli asidunge pajani asubuhi hiyo, kwa sababu paja linalokanyaga pedali hufyonza insulini haraka mno. Tumbo ni bora.

Dalili za kushuka zijulikane na kila aliye safarini, hata watoto: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio, na maneno yasiyoeleweka. Hapo musibishane. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngojeni dakika 15, pimeni tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudieni. Ikipanda, ale chakula. Lakini aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mbio.

Kwa anayeanza, sioni mahali panapoishinda Arboretum. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za reli, na leo ni hekta 30 hivi za kivuli, mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji. Vijia vyake si vikali na mabenchi yako. Ila pana wezi: tumbili. Wakiona mfuko wa karatasi wanajua kuna ndizi. Kwa hiyo glukosi ya dharura isikae kwenye kikapu cha chakula, ikae mfukoni.

Aliyekwisha kuzoea aende Oloolua, huko Karen, ndani ya taasisi ya utafiti wa nyani. Kuna mianzi, pango na maporomoko ya maji. Viatu viwe vya kufunika vidole, vilivyozoeleka mguuni, si vipya vya kutoka dukani jana. Mwenye kisukari huweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu asikihisi hata kidogo, na kidonda kidogo cha Jumapili kikawa jambo la kulazwa. Mkifika nyumbani soksi zivuliwe, nyayo zitazamwe, na kama haoni vizuri, mjukuu amtazamie.

Milima ya Ngong ni hatua ya mwisho. Matatu ya 111 hukufikisha mjini Ngong. Kilele ni mita 2,460, wakati katikati ya jiji ni kama mita 1,700, na upepo wa huko si wa mchezo. Mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo haikuwekwa pale kwa bahati. Kwa mwenye pumu, huo ndio upepo wa kujifunika. Si lazima kumaliza vilima vyote hadi Kona Baridi. Kilima kimoja na kurudi kinatosha, na kushuka hakuna aibu. Mahindi ya kuchoma mtakayonunua yahesabiwe kama chakula, si kama mchezo wa njiani.

Usiku huo wengi hufanya kosa moja. Wakifika nyumbani wamechoka, hulala mapema bila kupima. Misuli iliyofanya kazi ngumu mchana huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, hata kufikia siku nzima, na sukari huweza kushuka saa tisa usiku watu wote wakiwa usingizini. Anayetumia insulini apime kabla ya kulala, ale kitu kidogo ikihitajika, na anayelala chumba kimoja naye aambiwe glukosi imewekwa wapi.