Ngadji Haikutengenezwa Itazamwe

Kwa Wapokomo wa Mto Tana, Ngadji haikuwa ngoma ya arusini. Ilikuwa ngoma ya wazee, ikitunzwa mafichoni, na ngurumo yake ndiyo iliyowaita watu ibadani na kuwakumbusha nani mwenye kauli. Wanawake, watoto na wanaume ambao hawajaingizwa katika chama cha wazee waliisikia tu. Kuiona kulikuwa mwiko. Mwaka 1902 maofisa wa kikoloni wa Kiingereza wakaichukua. Mwaka 1908 ilipokelewa British Museum, London, na kwa zaidi ya karne moja makao yake yamekuwa ghala. Baiba Dhidha Mjidho, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa mfalme ilipochukuliwa, alifika huko akaonyeshwa urithi wa ukoo wake kama mgeni.

Wasomaji wengi wa makala za urithi huchukulia kwamba ubaya wa jambo hili ni ngoma kufichwa. Mimi, niliyezoea kazi za makumbusho, naona kasoro iko kwingine. Hata katika vijiji vya Tana, pamoja na Wema na majirani zake, Ngadji ilifichwa. Tofauti ni nani aliyeficha, na kwa nini. Wazee waliificha ili sauti yake iwe na uzito. Huko London imefichwa kwa sababu nafasi haitoshi: jumba hilo lina vitu milioni 8 hivi, na vinavyoonekana na wageni ni karibu 80,000 tu.

Jumba la makumbusho kama tulijuavyo leo lilianza Ulaya kwa wazo kwamba kitu chochote kinaweza kung'olewa mahali pake, kikapewa nambari, kikatazamwa na yeyote. British Museum iliundwa mwaka 1753 kwa wazo hilo. Lilipokutana na ukoloni, likapata wakusanyaji wenye bunduki. Maofisa walioichukua Ngadji hawakuhitaji kuwa wapenzi wa sanaa. Mahali ambapo baraza la wazee, gasa, ndilo lililoamua kesi na kutoza faini, kuiondoa ngoma yao kulikuwa sawa na kuitia kufuli mahakama.

Huku kwetu wazo hilohilo lilikuja likiwa na mlango mwembamba. Mwaka 1910 walowezi na maofisa waliopenda ndege, wadudu na mimea walianzisha makumbusho madogo Nairobi. Jengo la Coryndon, lililopewa jina la gavana, likafunguliwa mwaka 1930. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1940, chini ya Louis Leakey, ndipo Waafrika na Wahindi wakakaribishwa kutazama. Pwani tulipata Fort Jesus kama makumbusho mwaka 1960 na Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kote kuwili mkazo ukawa mawe, milango ya kuchonga, majahazi na sahani za China. Mtu wa Wema anayepitia Garsen kwenda Malindi au Lamu hukuta historia ya bahari. Ya mto ni haba. Ajabu ni kwamba wimbo wa taifa, unaoimbwa na kila mtoto wa shule, umetokana na bembelezi la Kipokomo. Sauti ya mama ilifika Nairobi, ya wazee ikafungiwa London.

Je, makumbusho yanaweza kuheshimu kitu kisichotakiwa kuonekana? Yanaweza, na British Museum yenyewe ndiyo shahidi. Ina tabot 11, vibao vitakatifu vya Kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia, nyingi zikiwa zimeporwa Maqdala mwaka 1868. Zimewekwa katika chumba ambacho hata wahifadhi wake hawaruhusiwi kuzitazama. Ni makasisi wa Ethiopia tu. Kumbe uzoefu wa kutunza mwiko upo. Kilichobaki ni kukiri kwamba mlinzi wa mwiko hapaswi kuwa yule aliyeuvunja.

Kikwazo kinachotajwa daima ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1963, inayoibana British Museum isiachie mali yake ila kwa sababu chache sana. Njia ya kuizunguka ni mkopo. Mwaka 2024 hazina za dhahabu za Waasante zilifika Kumasi, Ghana, kwa mkopo wa miaka 3, ukiwa na uwezekano wa kuongezwa. Marekani, ambako hakuna sheria kama hiyo, mambo yamekwenda vingine: makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vya Wamijikenda, jirani zetu wa Kilifi, bila kudai virejeshwe.

Lakini Ngadji ikiteremshwa Garsen kesho, ataipokea nani? Tangu miaka ya 1880 wamisionari wa Kimethodisti na wale wa Neukirchen, Ujerumani, walihubiri Tana ya chini, Ngao na Golbanti, na chama cha wazee kilichomiliki ngoma ndicho walichokipinga. Tana ya juu Wapokomo wengi ni Waislamu. Anayesali Jumapili Wema anaweza kuidai Ngadji kwa moyo wote kama haki ya kabila lake na bado asitake ingurume usiku. Simlaumu. Ila hapo ndipo mjadala wa Tana unapopaswa kuanza sasa, kabla ndege haijatua: kama itawekwa nyuma ya kioo, wanawake wataruhusiwa kuingia? Kama itarudi mafichoni, nani ataingizwa katika siri hiyo, na kwa ibada gani? Wizara ya Nairobi haiwezi kuyajibu maswali hayo, na mkataba wa mkopo hauna mahali pa kuyaandika.