Fahamu: Makao makuu ya Tanzania yalivyohama kutoka Bagamoyo hadi Dodoma
Wakoloni wa Kijerumani walianza na Bagamoyo. Tatizo lilikuwa bahari: maji ya pale ni mafupi, hivyo meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa ufukweni kwa mashua. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari ya asili yenye kina.

Baada ya uhuru, chama tawala cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuwa serikali iende Dodoma, katikati ya nchi. Kuamua kulikuwa rahisi, kuhama kukawa kugumu. Fedha zilikuwa haba na, tuseme kweli, wakubwa wengi hawakutaka kuiacha pwani. Walikwenda Dodoma kwa vikao vya Bunge, vikiisha wanageuza magari. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kuwa serikali yote itahamia. Sheria ya kuifanya Dodoma makao makuu ikafuata 2018. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam.