HADITHI ZA KAUBOI: TUANDIKE YALIYOKUWAKO

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Methali hii yamfaa sana mtu anayetaka kutunga hadithi ya kale. Katika chama chetu cha Kiswahili, kila tunapotunga hadithi fupi hawakosi wawili watatu wanaoandika habari za kauboi wa Marekani. Siwalaumu hata kidogo. Filamu hizo tunazitazama katika vibanda vya video, na babu zetu walizitazama kabla yetu, gari la sinema lilipokuja uwanjani. Lakini ebu tujiulize: je, hayo tunayoyaandika yalikuwako kweli?

Huenda ukaniambia, "Wewe wa Kidato cha Tatu, hata Namanga hujafika, Marekani unaijulia wapi?" Swali zuri hilo. Mjerumani Karl May alitoa kitabu cha kwanza cha Winnetou mwaka wa 1893, kikapendwa mno kwao, na Marekani yenyewe hakuikanyaga hadi mwaka wa 1908! Basi kutofika hakumzuii mtu kuandika. Kunamdai tu asome zaidi ya yule aliyefika.

Kwanza, chunga miaka. Ukisema hadithi yako ni ya mwaka wa 1850, usimpe shujaa wako bunduki ya Winchester ya 1873. Usimzuie kwa seng'enge pia, maanake seng'enge ya Joseph Glidden, ambayo ndiyo iliyoenea huko, ilisajiliwa mwaka wa 1874. Wale vijana waliobeba barua kwa farasi, Pony Express, walitoka St. Joseph, Missouri, hadi Sacramento, California, kwa siku kumi hivi. Kazi hiyo ilianza Aprili 1860 na kufikia Oktoba 1861 ikafa, kwani nyaya za telegrafu zilikuwa zimeunganishwa. Reli nayo ilikutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Ukimpandisha mtu garimoshi kutoka mashariki moja kwa moja hadi California mwaka wa 1865, msomaji anayejua atacheka na kukifunga kitabu chako. Dawa ni rahisi: chora jedwali daftarini. Upande mmoja andika miaka, upande wa pili andika vitu vilivyokuwako.

Pili, tazama maisha ya kila siku. Waliohamia Oregon walisafiri kama kilomita 3,200, kwa muda wa miezi minne hadi sita. Magari yao mara nyingi yalikokotwa na maksai, si farasi, kwa kuwa maksai ana nguvu na hushiba nyasi za njiani. Watu wenyewe walitembea kwa miguu, watoto nao vivyo hivyo. Walikufa zaidi kwa maradhi kama kipindupindu, na kwa ajali, kuliko kwa mishale.

Na huyo kauboi, jamani, alikuwa mchungaji wa kuajiriwa! Kuanzia mwaka wa 1867 walikuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Abilene, Kansas, ili wapakiwe kwenye garimoshi. Mchana alikula vumbi, usiku alishika zamu. Ng'ombe wakishtushwa na radi usiku wa manane, hiyo ni hadithi tosha, na yeyote aliyechunga mifugo anaweza kuiandika vizuri. Hata yale mapambano mashuhuri ya Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, yalidumu kama nusu dakika tu na watu watatu wakafa. Tena chanzo chake kimojawapo kilikuwa sheria ya mji iliyokataza watu kutembea na silaha. Filamu hazituambii hayo.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, tazama ni nani aliyekuwako. Katika filamu nyingi za zamani kauboi ni mzungu tu. Kumbe wengi walikuwa weusi na Wameksiko. Nat Love alizaliwa mtumwa huko Tennessee, akawa kauboi, akaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1907. Bass Reeves, naye mzaliwa wa utumwani, akawa askari wa serikali kuu mwaka wa 1875. Wachina nao kwa maelfu ndio waliopasua milima ili reli ipite.

Wenyeji je? Filamu huwaleta kutoka nyuma ya kilima wakipiga mayowe, hawana jina wala mama. Hawakuwa kabila moja. Walikuwako Walakota, Wakomanchi, Waapachi, Wacherokee, kila watu na lugha yao. Wacherokee walipata maandishi yao wenyewe kwa kazi ya Sequoyah mwaka wa 1821, na kufikia 1828 walikuwa na gazeti. Walakota waliahidiwa milima ya Black Hills kwa mkataba wa 1868. Dhahabu ilipoonekana huko mwaka wa 1874, ahadi ikasahauliwa, na mwaka wa 1877 milima ikachukuliwa.

Sisi Wakenya tunaijua habari hiyo. Mkataba wa 1904 uliwapa Wamaasai Laikipia, ati iwe yao daima. Ule wa 1911 ukawatoa. Je, hadithi ya Laikipia ikitungwa na mtu aliyetazama filamu tu, Mmaasai atakuwa nani ndani yake? Jibu tunalijua. Basi tusimtendee Mlakota vile tusivyotaka kutendewa.

Mwisho, usigeuze hadithi kuwa somo la historia. Usiandike, "Mwaka wa 1874 seng'enge ilisajiliwa." Andika hivi: "Farasi alisimama ghafla. Mbele yake palikuwa na waya wenye miiba ambao mwaka jana haukuwako." Msomaji ataelewa mwenyewe kuwa dunia ya kauboi yule imekwisha.

Vitabu vya historia vimo maktabani, na walimu wetu wa somo hilo hawajakataa kuulizwa. Kazi kwenu, watunzi!